Mtoto Aliyewekwa Amana

Nilikuwa na miaka saba baba aliponikabidhi kwa rafiki yake. Tulikuwa stendi ya Korogwe, alfajiri, baridi ya Usambara ingali imo ndani ya sweta langu. Baba akaushika mkono wangu wa kulia, akauweka katika kiganja cha yule bwana mrefu aliyekuja kunichukua, akasema, "Ndugu yangu, hii ni amana." Yule bwana akajibu, "Nimepokea." Hayakuzidi hayo. Tukapanda gari kwenda Mwanza, na usiku nikalala mapajani pa mtu ambaye hata jina lake nilikuwa sijalijua.

Mama alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, akijifungua. Baba alibaki na watoto wanne na shamba la mteremkoni, kule Lushoto, ambalo kila masika mvua ililimega kidogo. Yule bwana walipigana naye vita vya Kagera, wakala sufuria moja, na yeye na mkewe hawakujaliwa mtoto. Kwetu jambo hili halimshangazi mtu. Mtoto huenda kukaa kwa shangazi, kwa mjomba, kwa rafiki wa baba. Hukulia huko, husomeshwa huko, na likizo akipata nauli hurudi kusalimia. Hakuna karatasi inayoandikwa. Kinachobaki ni lile neno lililosemwa.

Neno hilo lilinirudia nikiwa mtu mzima, msikitini, katika darsa ya baada ya Alasiri mwezi wa Ramadhani. Sheikh alikuwa akisimulia habari za Imamu Shamil wa Dagestan, aliyepigana na dola ya Urusi katika milima ya Kaukazi kwa miaka ishirini na mitano, tangu 1834 hadi 1859. Akafika mahali pa kuzingirwa kwake mwaka 1839, akasema kwa sentensi moja tu kwamba Imamu alilazimika kumtoa mwanawe wa kwanza, Jamaluddin, awe amana mikononi mwa Warusi. Kisha akaendelea na vita. Mimi sikuendelea naye. Nilibaki na yule mtoto mpaka adhana ya Magharibi.

Nilipoanza kusoma habari zake ndipo nilipojua kwamba sheikh hakuchagua neno lile kwa uzuri wa lugha. Ndilo lililotumika kule kule. Warusi wa Kaukazi, mtu aliyetolewa na kabila lake kuwa rehani ya utii walimwita amanat. Neno la Kiarabu lilikuwa limepanda milima ile kama lilivyoingia kwetu kwa jahazi. Huku likatulia katika maana yake: kitu unachokabidhiwa ukitunze mpaka mwenyewe arudi. Kule likawa mtoto wa mtu, na nyuma yake bunduki.

Ahulgo ni mwamba. Mto Andi Koysu umeuzunguka pande tatu, na chini ya kingo zake ni genge tupu. Juu yake, kiangazi cha 1839, Shamil alijifungia na wapiganaji wake, pamoja na wake na watoto wao, na Jenerali Grabbe akawazingira kuanzia Juni hadi Agosti. Warusi waliouawa na kujeruhiwa pale walifikia takribani elfu tatu. Upande wa pili maji yaliisha, chakula kikaisha, wafu wakawa hawazikiki, na joto la Agosti likafanya yaliyobaki. Grabbe alikubali kuzungumza kwa sharti moja: kwanza mtoto. Shamil alikataa, akakataa tena, huku waliokuwa naye wakimtazama kwa macho ya watu wenye watoto wanaokufa kwa kiu. Mwishowe akamtoa. Jamaluddin alikuwa na miaka kama kumi.

Na mazungumzo yakavunjika vilevile. Mapigano yalirudi, mwamba ukatekwa. Mke mmoja wa Shamil alifia pale na mtoto mchanga. Dada wa Shamil alijirusha gengeni ili asishikwe. Shamil mwenyewe alipenya usiku na watu wachache, pamoja na mwanawe wa pili, Ghazi Muhammad, aliyekuwa bado mdogo kabisa. Naomba mtu alishike hilo akilini, kwa sababu nitalirudia: ndugu wawili, siku zilezile, mwamba uleule. Mmoja alitolewa kushoto na mwingine akatoroshwa kulia. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeulizwa.

Jamaluddin alipelekwa St. Petersburg. Tsar Nicholas wa Kwanza alimchukua kuwa kama mwanafunzi wake mwenyewe, akamtia katika shule za kijeshi za vijana wa kiungwana. Si kwamba alifungwa. Ningetamani mtu aelewe hili vizuri, maana ndipo ugumu wote ulipo. Alilishwa na kuvishwa, akafundishwa hesabu, ramani, Kifaransa, kucheza dansi. Alipendwa na wenzake. Mwaka 1849 alipewa cheo cha afisa katika kikosi cha wapanda farasi wenye mikuki, na baadaye akawa luteni. Kiavari, lugha ya mama yake, kilimtoka kinywani kidogo kidogo, kama kinavyomtoka mtoto yeyote asiye na wa kuzungumza naye. Mama yake, Fatima, alifariki katika miaka ya 1840 bila kumtia machoni tena.

Nimefikiria sana jinsi lugha inavyoondoka. Watu hudhani unasahau maneno. Ukweli ni kwamba hujui kama umesahau mpaka siku unayolihitaji neno, unanyoosha mkono na rafu ni tupu. Mimi Kisambaa kilinitoka hivyo. Mwaka wa kwanza Mwanza nilikuwa naota kwa Kisambaa. Mwaka wa tatu nilimwamkia bwana mmoja barabarani kwa Kisukuma, "Mwangaluka," akaniitikia bila kugeuka, kwa kuwa nilikuwa nimeitamka sawasawa, na nilifurahi siku nzima. Sikujua furaha ile ilikuwa imenigharimu nini.

Baba wa Mwanza (nyumbani tuliwatofautisha baba zangu wawili kwa miji yao) alikuwa Mkatoliki asiyekosa misa. Kila jioni alinipakia kwenye baiskeli, akanipeleka madrasa, akaketi nje chini ya mwembe na gazeti lake mpaka tutoke. Mwalimu alimzoea hata akawa anamtolea kikombe cha kahawa. Nilipofika miaka kumi na miwili nilimwambia nataka twende naye kanisani, kwa sababu wenzangu wa mtaani walikuwa wakienda na kwaya ilikuwa nzuri. Akakataa. Akaniambia, "Ukishakuwa mtu mzima utaamua mwenyewe. Sasa hivi nimekushika kwa niaba ya mtu."

Tsar hakuwa na mwembe wa kukaa chini yake. Simlinganishi na baba yangu. Dola haimlei mtoto wa adui kwa ajili ya huyo mtoto. Ilimlea ili siku moja awe daraja la kumfikia baba yake, au kielelezo cha kuwaonyesha watu wa milimani: tazameni, mwana wa Imamu wenu ni afisa wetu. Lakini mtoto haoni dola. Mtoto anamwona mwalimu aliyemfunika shuka alipougua, na rafiki aliyemgawia mkate. Upendo alioupata Jamaluddin kwa Warusi haukuwa wa wizi wala wa ulaghai. Aliupata kwa watu, na watu wale walikuwa wa kweli.

Akampenda msichana vilevile, Elizaveta, binti wa familia ya Olenin, ambaye babu yake alikuwa rais wa Akademia ya Sanaa. Akawa na nia ya kumwoa, na ndoa hiyo ingempeleka kanisani. Nasema haya bila kumhukumu. Kijana wa miaka ishirini na kitu, aliyetolewa nyumbani na miaka kumi, hakuwa na mtu wa kumngojea nje na gazeti.

Huko milimani baba yake alikuwa hajanyamaza. Miaka yote ile alimdai mwanawe, na miaka yote ile alijibiwa hapana. Ndipo Julai 1854, Urusi ikiwa imeshikwa na vita vya Krimea, wapanda farasi wa Shamil walishuka bonde la Kakheti, Georgia, wakaliteka jumba la Tsinandali. Aliyewaongoza ni Ghazi Muhammad. Yule mdogo aliyetoroshwa usiku kutoka mwambani alikuwa sasa mwanamume kamili, na amekuja kumtafuta kaka yake kwa njia pekee iliyokuwa ikieleweka pande zote mbili.

Wakawachukua kina mama wawili ndugu, Anna Chavchavadze na Varvara Orbeliani, wajukuu wa mfalme wa mwisho wa Georgia, pamoja na watoto wao, watumishi, na mwalimu wa Kifaransa aliyekuwa akifundisha watoto. Katika kukimbizwa farasini, mtoto mchanga wa Anna alimponyoka mikononi akafa. Sheikh wetu hakulitaja hilo, na mimi siwezi kulipita. Ili mtoto mmoja arudi kwa baba yake, mtoto mwingine alibaki njiani. Mama yule hakuwa na deni lolote Ahulgo.

Mateka walikaa miezi minane katika ngome ya Vedeno. Shamil alitaka rubo milioni moja pamoja na mwanawe. Mwishowe fedha zikashuka hadi rubo 40,000 za fedha. Kuhusu mwana hakushuka hata hatua moja.

Tsar akamwita Jamaluddin. Hakumwamuru. Alimwachia achague.

Hapa ndipo wengi wanaosimulia kisa hiki hugawanyika. Wako wanaosema damu ilimwita, mwana amerudi kwa baba. Wako wanaosema ni Mrusi aliyejitoa mhanga kwa ajili ya wanawake wa watu, basi ni shujaa wa Urusi. Kila upande unamvuta mkono kama walivyomvuta akiwa hai. Mimi nikisoma naona jambo jingine kabisa. Alikubali kwa sababu alikuwa afisa aliyefundishwa kwamba mtu wa heshima hawaachi wanawake kifungoni akiwa ana uwezo wa kuwatoa. Malezi ya Urusi ndiyo yaliyomrudisha milimani. Kumtii Tsar na kumtii baba vilikuwa, kwa siku ile moja, tendo moja. Pengine maishani mwake mwote ilikuwa siku ya pekee ambayo hakulazimika kumkosea mmoja ili ampendeze mwenzake.

Mimi siku yangu ilikuja kwa simu. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimeanza kufundisha shule ya msingi kule kule Mwanza, na Baba wa Lushoto akapiga kusema mgongo umemshinda, shamba limemshinda, na mimi ndiye mtoto wa kiume wa kwanza. Hakuongeza neno. Baba wa Mwanza wakati huo alikuwa amepata kiharusi, upande wa kushoto ulikuwa hauna nguvu, na mimi ndiye niliyekuwa nikimwogesha asubuhi kabla ya kwenda shuleni. Nilikaa siku tatu bila kumwambia. Ya nne aliniambia yeye, maana mkewe alikuwa ameisikia simu. Akasema kwa ule ulimi wake uliokuwa mzito, "Nenda. Nilipewa nikutunze. Sikupewa wewe."

Nilikwenda.

Jamaluddin alisafiri kusini mpaka Khasavyurt, kwenye mpaka wa vita, na huko akangoja pamoja na Prince David Chavchavadze, mume wa Anna. Nawaza mazungumzo ya wanaume wale wawili jioni, mmoja akingoja kurudishiwa kila kitu na mwingine akingoja kuviacha vyote, na kila mmoja ndiye bei ya mwenzake. Wakiwa bado wanangoja ikaja habari kwamba Tsar Nicholas amefariki. Basi yule aliyemlea hakuwepo tena hata wa kuagwa. Siku ishirini baadaye, Machi 1855, majeshi mawili yalisimama yakitazamana kwenye mto Michik, na mabadilishano yakafanyika.

Alivuka akiwa amevaa sare ya Kirusi. Kabla ya kufikishwa kwa baba yake akaambiwa aivue, na pale pale akabadilishwa mavazi, akavaa kanzu ya kimilima yenye mifuko ya risasi kifuani. Maafisa wa Kirusi walimsindikiza hadi mbele ya Imamu. Shamil akamkumbatia, akalia. Miaka kumi na sita kasoro miezi michache.

Baada ya hapo wasimuliaji wengi hufunga daftari, kwa kuwa kina mama wamerudi nyumbani na baba amempata mwana. Kwangu kisa kinaanza hapo.

Alikuta baba anayemwabudu na asiyeweza kuzungumza naye vizuri. Ilimbidi ajifunze upya Kiavari, lugha aliyoanza nayo kunyonya. Watu wa baba yake walimwangalia kwa shauku mwanzoni, kisha kwa shaka. Mtu aliyeishi na Warusi miaka yote hiyo, anayependa vitabu vyao, anayeuliza habari za kwao: je, huyu ni mwana wa Imamu au ni jicho la Tsar? Na yeye akafanya jambo ambalo liliongeza shaka. Alimwambia baba yake ukweli. Alimwambia Urusi haina mwisho, kwamba askari wakifa huja wengine, na kwamba ingefaa kutafuta amani ilhali bado kuna watu wa kuishi ndani yake. Hicho ndicho kitu pekee alichotoka nacho ugenini chenye thamani kwa kwao, na hakuna aliyetaka kukipokea. Kwa baba yake kilinuka kambi ya adui.

Hapa naandika polepole kwa sababu napajua. Mwezi wa pili baada ya kurudi Lushoto tulikaa kikao cha ukoo kuhusu mpaka wa shamba na jirani. Wazee walianza kwa Kiswahili kwa heshima yangu, kisha hasira ilipopanda wakahamia Kisambaa, kama mtu yeyote anavyohamia lugha ya moyoni akikasirika. Nilisikia jina langu likitajwa mara mbili. Sikujua kama nasifiwa au nalaumiwa. Mpwa wangu wa miaka kumi, aliyekuwa amekaa miguuni pangu, aliniinamia sikioni akaniambia, "Mjomba, wanasema usisemeshwe kwanza, hujui ya hapa." Na walikuwa na haki. Sikuyajua. Lakini nilikuwa nimekuja na jambo moja: Mwanza niliona ugomvi wa mpaka kama ule unavyomalizwa kwa wazee wa pande zote mbili kupanda miti pamoja kwenye mstari. Nililitoa wazo lile kwa Kiswahili changu chenye lafudhi ya ziwani. Mzee mmoja akasema, bila ubaya wowote, "Hayo ni ya Wasukuma." Tukaendelea na kesi, na ikachukua miaka sita.

Shamil alimwoza mwanawe kwa binti wa Talgik, mmoja wa manaibu wake wakubwa wa Chechnya, akampeleka kukaa Karata, juu kabisa ya milima, ambako Ghazi Muhammad alikuwa naibu. Nadhani baba yule alikuwa anajaribu kumrudisha kwa njia alizozijua: mke, ndugu, kazi, hewa ya nyumbani. Kumbe mwili wa Jamaluddin ulikuwa umeshaanza kushindwa. Kifua kikuu kilimshika. Wapo wanaosema alikufa kwa huzuni, na watu wa hospitali watasema huzuni haiui, bakteria ndio wanaoua. Mimi nimemwona Baba wa Mwanza baada ya mimi kuondoka, na sitabishana na upande wowote.

Alipozidiwa, mwaka 1858, baba yake alifanya kitu ambacho hakuna aliyekitarajia. Alituma watu Khasavyurt kwa adui, kuomba daktari. Kamanda wa Kirusi akakubali. Lakini daktari Mrusi hawezi kupandishwa milima ya Shamil hivihivi, kwa hiyo watu wa Shamil wakabaki mikononi mwa Warusi kuwa dhamana mpaka daktari arudi salama. Amanat tena. Safari hii walikuwa watu wazima, walijua wanaingia katika nini, na muda wake ulikuwa wa siku chache. Daktari Piotrovsky alipanda njia zile za hatari, akamkuta mgonjwa, akaona hakuna la kufanya zaidi ya kumpunguzia maumivu na kuzungumza naye Kirusi. Sijui kati ya hayo mawili lipi lilikuwa dawa zaidi. Daktari akarudi salama, na wale waliowekwa dhamana wakarudi kwao. Jamaluddin akafariki mwaka huohuo, hajatimiza miaka thelathini, akazikwa Karata.

Agosti mwaka uliofuata, Shamil alizingirwa kwa mara ya mwisho, juu ya mlima wa Gunib, na familia yake pamoja naye. Safari hii hapakuwa na mwana mdogo wa kutoa. Akajisalimisha kwa Prince Baryatinsky, kamanda wa Warusi. Akatarajia kuuawa, badala yake akapitishwa Urusi yote kwa gari la farasi, akaona miji na viwanda na tambarare zisizoisha, akapokewa na Tsar mpya, akapewa nyumba na posho katika mji wa Kaluga. Yote aliyoambiwa na mwanawe aliyaona sasa kwa macho yake, dirisha baada ya dirisha. Mimi siwezi kuifikiria safari ile bila kumwona yule kijana amekaa kando ya baba yake garini, kimya, haonyeshi kidole.

Watoto waliobaki waligawana dunia. Muhammad Shafi aliingia jeshi la Urusi, akafika cheo cha meja jenerali. Ghazi Muhammad, yule aliyemfuata kaka yake hadi Tsinandali, alihamia dola ya Uthmaniya, na vita vya 1877 vilipozuka akapigana dhidi ya Urusi. Mama mmoja, baba mmoja, majeshi mawili. Shamil mwenyewe aliruhusiwa hatimaye kwenda hija, akafia Madina mwaka 1871, akazikwa katika makaburi ya Baqii. Mahujaji wetu hupita pale kila mwaka wakiwaombea waliolala, na wengi hawajui kwamba kati yao yumo mzee kutoka milima ya theluji aliyemweka mwanawe amana na kurudishiwa mtu mwingine.

Kwa maana hilo ndilo linalonisumbua katika neno hili. Tulifundishwa madrasani kwamba ukiwekewa amana huruhusiwi kuitumia wala kuibadili. Ukipewa shilingi kumi unarudisha shilingi kumi. Hukumu hiyo ni nzuri kwa shilingi. Mtoto hawezi kurudishwa yuleyule. Hata aliyemtunza kwa uaminifu wote, aliyekaa chini ya mwembe na kukataa kumpeleka kanisani, anamrudisha akiwa na lafudhi nyingine, na chakula kingine anachokitamani akiumwa, na kaburi jingine la kulia. Baba wa Lushoto aliliona hilo. Siku moja tukipalilia alisimama, akaniangalia jinsi ninavyoshika jembe, akasema, "Unalima kama yeye." Hakukasirika. Aliinama tukaendelea.

Baba wa Mwanza alifariki miezi kumi na moja baada ya mimi kuondoka. Nilifika siku ya mazishi saa nane mchana, wameshaanza kushusha jeneza. Walinipisha. Mama wa Mwanza alinishika mkono akaniweka mahali pa mtoto, mbele kabisa, na padri akataja jina langu pamoja na wafiwa, jina la Kiislamu katikati ya yale ya Kikristo, na hakuna aliyegeuka kutazama. Kesho yake nilipanda basi kurudi shambani, kwa sababu mahindi yalikuwa yanangojewa na kesi ya mpaka ilikuwa Alhamisi.

Wakati mwingine watu huniuliza, hasa vijana wanaosoma habari za mashujaa: hivi Jamaluddin alikuwa wa upande gani? Nawajibu kwamba walioweka pande walikuwa wamekwisha kuziweka kabla hajaota meno ya utu uzima. Alichoweza kufanya ni kuwa mwaminifu kwa kila mtu aliyemshika mkono, mmoja baada ya mwingine, na mikono ile ilikuwa ikivutana. Wakisisitiza, nawaambia watazame alichokichagua siku ile moja aliyopewa kuchagua.

Mama wa Mwanza bado yupo, ana miaka sabini na mmoja. Anaishi peke yake katika nyumba ileile, na mwembe wa madrasa ulishakatwa kupisha barabara. Hupiga simu kila Jumapili baada ya misa. Mwezi uliopita alinyamaza kidogo kabla ya kukata, kisha akaniuliza kama ningeweza kumpa binti yangu wa pili akakae naye, amsaidie, asome huko, shule ni nzuri. Mtoto ana miaka saba. Anajua Kisambaa cha bibi zake chote, hata matusi. Mke wangu amesema uamuzi ni wangu, na nimemwona usiku akimsuka nywele mtoto taratibu kuliko kawaida.

Jumapili iliyopita Mama hakuuliza tena. Aliniuliza tu mvua imenyesha kiasi gani, nami nikamweleza kuhusu mvua.